Masimulizi ya Mbwaa na Uhai wa Lugha Ndogo: Mfano wa Kitharaka

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Meru aghalabu huyachukulia masimulizi ya Mbwaa kuwa hazina ya historia. Watu wamo utumwani chini ya Nguo Ntuune, yaani wavaa nguo nyekundu, ambao wanawatolea masharti yasiyotekelezeka, mathalan kushona kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wanalifumbua fumbo hilo kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Hatimaye watu wanatoroka na kuvuka maji usiku, alfajiri na mchana. Ndipo zikapatikana koo za Njiru, Ntune na Njeru.

Makala hii inadai kwamba masimulizi haya yaweza kuulinda utambulisho bila ya kuilinda lugha. Jeffrey Fadiman aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1993, katika kitabu chenye thamani kubwa. Hata hivyo, msomaji wake hupata tukio tu. Hampati fanani anayenyamaza kabla ya kulifumbua fumbo, wala hadhira inayoshindana kumjibu. Kijana wa Meru aweza kukisoma, akajua asili yake, na asiweze kumsimulia nyanya yake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa Watharaka. Masimulizi ya chimbuko moja huwakusanya pamoja na Waigembe, Watigania na Waimenti chini ya jina la Wameru. Umoja huo una manufaa, lakini lugha yake ya maandishi iliegemea Kiimenti, kama ilivyo Biblia ya Kimeru ya mwaka 1964. Mtharaka alisoma Neno kwa lugha ya jirani hadi Agano Jipya la Kitharaka lilipotoka mwaka 2001.

Je, maandishi yatosha? La hasha. Tahajia ni chombo. Lugha huhuishwa na utendaji, mekoni, sherehenini na katika madarasa ya chini, ambako Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia. Katiba ya mwaka 2010 nayo inaitaka dola iziendeleze lugha za kiasili.

Sisi walimu wa Kiswahili pia tunahusika. Tunapomtuma mwanafunzi nyanjani na kupokea tafsiri ya Kiswahili pekee, tunatenda lile lile tunalolilaumu katika Kiingereza. Hatuna budi kudai matini asilia iandamane na tafsiri, kisha irudishwe kwa jamii iliyoisimulia. Bila ya hayo, tutakuwa na kumbukumbu ya Watharaka isiyosemwa na Mtharaka yeyote.