Upepo wa Baharini, Bei ya Sokoni

Kila nikisoma makala ya uchumi iliyojaa majedwali, moyo hunirudisha kwa mwanauchumi Kathryn Graddy na soko la samaki la Fulton, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Soko lile lilichangamka alfajiri, watu wengine wakiwa bado wamelala. Bei haikubandikwa popote; kila mnunuzi alipatana na muuzaji, na wawili waliosimama bega kwa bega waliweza kulipa tofauti. Graddy aliingia humo akatazama, akapata hesabu za mauzo za mfanyabiashara mmoja, akashughulika na samaki wa aina moja tu, wa bei ya chini.

Hesabu zile peke yake ni bubu. Bei ikipanda leo, ni wavuvi walioleta kidogo au walaji waliotamani zaidi? Ndipo akageukia bahari: kasi ya upepo na kimo cha mawimbi katika siku zilizotangulia. Bahari ikichafuka, samaki huadimika na bei hupanda, lakini hamu ya mlaji wa mjini haibadiliki kwa mawimbi asiyoyaona. Kwa hiyo bei iliyopandishwa na upepo humwonyesha mnunuzi alivyo. Uzuri wa kazi hii kwangu uko hapa: mvua na baridi ya mjini, ambazo zingeweza kumzuia mteja asitoke nyumbani, zilihesabiwa kando.

Njia yenyewe, ya kutafuta kigeu saidizi kama upepo ule, kinachosukuma bei bila kugusa hamu ya mnunuzi, ni ya zamani. Philip Wright aliieleza mwaka 1928, kwenye kiambatisho cha kitabu kuhusu ushuru wa mafuta, na miaka mingi ikapita bila watu kuijali.

Leo kigeu saidizi kinaokotwa tu. Tazameni mvua. Mwaka 2004 watafiti Miguel, Satyanath na Sergenti waliitumia kama kigeu saidizi cha hali ya uchumi kwa nchi 41 za Afrika, wakiuliza kama kudorora kwa uchumi huleta vita vya wenyewe kwa wenyewe. Swali zito, kazi ya heshima. Tangu hapo mvua imebebeshwa kila mzigo, na kila mtafiti huapa kwamba inapita kwenye njia yake moja tu. Mvua hiyo hiyo hukata barabara, huzalisha mbu, hutawanya waandamanaji! Kipimo cha takwimu kiitwacho F kikivuka 10, mwandishi huridhika, ingawa kipimo hicho hupima tu nguvu ya kigeu katika kusukuma kile kinachochunguzwa. Njia za pembeni hakizioni. Hizo huonwa na anayeijua kazi ya watu anaowaandika, na katika makala nyingi ninazosoma sioni dalili kwamba mvuvi, mkulima au dereva aliwahi kuulizwa neno.