Kiwambo Kilichotolewa Kikarudishwa

Tangu alipoangushwa na bodaboda karibu na soko la Kongowea, mdogo wangu alikuwa akilala kinywa wazi. Hapa Nyali kaskazi huingia madirishani usiku kucha, na yeye akihangaika kutafuta pumzi.

Daktari wa masikio, pua na koo alimmulika, akatuchorea kiwambo kinachotenga matundu ya pua: mbele gegedu, nyuma mfupa mwembamba. Cha mdogo wangu kilipinda kama herufi S.

Madaktari Otto Freer wa Chicago mwaka 1902, na Gustav Killian wa Freiburg mwaka 1904, walifundisha kuuinua utando unaokifunika kiwambo bila kuuchana, kutoa kilichopinda chini yake, kisha kuulaza tena. Juu na mbele waliacha ukanda wa gegedu wenye umbo la L, maana huo ndio unaoibeba pua. Fundi wa makuti anajua: pau chache zaweza kutoka, lakini mwamba ukiuondoa paa linabonyea.

Na mwamba wenyewe ukiwa ndio uliopinda?

Madaktari King na Ashley walitoa jibu mwaka 1952, na Wolfgang Gubisch wa Stuttgart akalifanyia kazi miaka mingi. Kiwambo chote hutolewa nje ya pua. Nastaajabia ujasiri huo! Kinalala mezani, cheupe kama nyama ya nazi, na daktari anakigeuzageuza akitafuta palipo sawa. Gegedu ni kaidi, ukilinyoosha hurudi lilikotoka. Kwa hiyo hukatwa, hukwaruzwa upande mmoja, vipande vikaungwa kwa uzi kama mbao za mtepe zilivyoshonwa kwa kamba ya nazi. Kisha hurudishwa. Hapo juu, gegedu linapokutana na mfupa wa pua, ndipo mkono unapopimwa: mfupa hutobolewa vitundu, gegedu likafungwa kwa uzi, kwani likilegea uso unabaki na bonde. Mwisho tando mbili hushonwa pamoja zilibane. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na utando; damu ikijikusanya katikati, linakufa njaa.

Ndivyo alivyofanyiwa mdogo wangu. Wiki kadhaa baadaye, uvimbe ulipokwisha, alisimama barazani jioni, akafumba kinywa, akavuta pumzi ndefu.

"Mwani," akasema.

Maji yalikuwa yamekupwa.