Neno ‘risasi’ limeelemewa, tulipunguzie mzigo

NENO ‘risasi’ tumelitwika mzigo usiolifaa. Lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa jina la madini, yale mazito ya kijivu. Kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyotengenezewa kile kitokacho mtutuni, neno likahamia kwenye kitu chenyewe. Leo tunaliita ‘risasi’ hata lile kasha zima linalotiwa bundukini, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa kwa pamoja. Vitu vitatu, jina moja.

Wapo watakaoniuliza: kwani shida iko wapi? Risasi ni risasi bwana, bora ilenge shabaha! Ningekubaliana nao iwapo kazi ya lugha ingekuwa kuripoti visa vya uhalifu tu. Hebu basi tujaribu kueleza jambo la kitaalamu: namna mwindaji anavyochagua risasi za bunduki ya magnum kwa wanyama wakubwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977. Tanzania ungali unaruhusiwa kwa leseni, na wafuata nyayo wa huko wanazungumza Kiswahili.

Chukua mfano wa .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Hilo ni jina la kasha. Mwindaji akishalichagua, uamuzi mgumu bado, kwa sababu kasha hilohilo huweza kubeba vichwa tofauti. Kipo chenye ncha laini, ambacho hutanuka kama uyoga ndani ya mwili na kufanya jeraha pana. Hicho humfaa simba. Kipo pia kigumu kisichotanuka, ambacho hupenya moja kwa moja. Hicho ndicho cha kulitoboa fuvu la ndovu. Kwa nyati, wengi huanza na laini kisha wakafuatiza vigumu. Vyote viwili huweza kuwa na uzito uleule wa greni 300, takriban gramu 19.

Kwa hivyo mwandishi anayetuambia kwamba mwindaji ‘alichagua risasi ya .375’ ameacha lililo muhimu. Si suala la madaha ya kitaaluma hili. Kichwa laini kikipasukia juujuu, nyati huingia kichakani na jeraha lake, na anayetangulia kumfuata ni yule mfuata nyayo.

Kasoro hii huonekana wazi zaidi tukigeukia mazingira. Jimbo la California, Marekani, limekataza kabisa uwindaji wa kutumia vichwa vya madini ya risasi tangu Julai 1, 2019. Vipande vya madini hayo hubaki katika mizoga, na ndege wala mizoga wakivimeza hupata sumu. Wawindaji wakahamia shaba. Sasa mfasiri aandikeje? ‘Risasi zisizo na risasi’? Hicho ni kichekesho. Akiandika ‘risasi za shaba’, msomaji atauliza, si ganda nalo ni la shaba? Hapo pia atakuwa na haki, maana ‘shaba’ yetu hubeba ile nyekundu na ile ya manjano bila kubagua.

Sioni haja ya kukimbilia Kiingereza. Lugha hii ilikwisha kutofautisha ‘risasi’ na ‘marisau’, zile punje ndogo za kupigia ndege, kwa hivyo uwezo inao. Pendekezo langu ni kwamba ‘risasi’ libaki jina la kasha zima, ‘ganda’ liwe la kile kinachobaki baada ya kufyatua, na ‘kichwa’ kiwe kile kinachoruka. Chuma chenyewe tukiite ‘madini ya risasi’ kila mara, bila kufupisha. Hapo tutaandika ‘vichwa vya shaba nyekundu visivyo na madini ya risasi’. Ni maneno mengi, naam, lakini hakuna atakayeyaelewa visivyo.