Mfasiri na Kumbukumbu ya Kuazima

Mshairi hachagui kalamu kwa kusikia sifa zake sokoni. Huijaribu kwanza mkononi mwake. Mfasiri wa kujitegemea naye, anapotafuta programu ya kompyuta ya kumsaidia kazi, hana budi kuijaribu kwa lugha yake. Na lugha yetu ina tabia ambazo waliozibuni zana hizi hawakuzitia hesabuni. Makala haya yanazihakiki zana hizo kwa kipimo cha Kiswahili, nami nayaandika kutoka Dodoma, mji ambao haupitishi siku bila kuhitaji tafsiri.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ndiko Bunge linakokutana. Humo ukumbini Kiswahili hutawala mjadala, ilhali kwa miaka mingi sheria zenyewe zilitungwa zaidi kwa Kiingereza. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo yako maandishi tele yanayomngoja mfasiri.

Kazi ya namna hiyo haitaki mbwembwe. Neno likishafasiriwa "mkataba" katika ukurasa wa 3, haliwezi kugeuka "makubaliano" katika ukurasa wa 40 bila kumtia mtu hasarani. Hapo programu za kumbukumbu ya tafsiri zina fadhila ya kweli. Zenyewe hazifasiri. Huikata matini vipande, aghalabu sentensi moja moja, na kukihifadhi kila kipande pamoja na tafsiri aliyoiandika mfasiri. Sentensi inayofanana nayo ikitokea tena, humwonyesha alichokiandika awali na kumwambia zinalingana kwa asilimia ngapi.

Katika asilimia hiyo ndimo ulimo mgogoro. Tuchukue sentensi ya Kiingereza yenye maneno 13 ambayo mfasiri ameiweka hivi: "Mkataba wa awali uliotiwa saini na pande zote mbili utawasilishwa kwa Msajili." Kesho yake inakuja sentensi ileile, neno moja tu la Kiingereza likiwa limebadilika: mahali pa mkataba pamewekwa hati. Programu hupima upande wa Kiingereza, na hukuta ulinganifu wa asilimia 90 hivi. Lakini Kiswahili kinadai: "Hati ya awali iliyotiwa saini na pande zote mbili itawasilishwa kwa Msajili." Maneno 4 kati ya 12 yamebadilika, yaani theluthi nzima. Ngeli imehama, na jamaa zake wote wamehama nayo.

Lingekuwa jambo la sarufi tu lau isingekuwa fedha. Wakala mmoja wa nchi za nje alipata kunilipa robo ya ujira kwa sentensi za aina hiyo, kwa hoja kwamba programu ilikwisha kuzifanya. Nami nilizipitia zote neno kwa neno, kwa sababu kiambishi kimoja kikisahauliwa, msomaji hubaki akijiuliza ni kitu gani hasa kinachowasilishwa. Mfasiri wa Kiswahili anayekubali punguzo lililopimwa kwa Kiingereza anauza jasho lake kwa mizani ya mwenziwe.

Udhaifu wa pili umo katika faharasa ya istilahi. Ukiingiza "mkopaji", programu inayotafuta neno kwa umbo lake lililoandikwa itampita "wakopaji" bila kumtambua, seuze "waliokopeshwa". Nayo nukta ya ufupisho ina vituko vyake: "Sheria Na. 1" yaweza kukatwa baada ya "Na.", ikawa sentensi mbili zisizo na maana, mpaka mwenyewe aifundishe programu kwamba hapo hapakatwi.

Tuzitazame basi zana tatu. Trados, ambayo kampuni yake ilianzishwa Stuttgart mwaka 1984, ndiyo inayotakiwa na mawakala wengi. Ina nguvu nyingi, ila ni ya kununua na hutaka Windows. Wordfast ya Yves Champollion ilizaliwa mwaka 1999 ikifanya kazi ndani ya Microsoft Word, hivyo mfasiri hakulazimika kukihama chumba alichokizoea. Nayo baadaye ikawa ya kulipia. OmegaT ni ya bure, na huenda katika Windows, Mac na Linux. Sura yake haivutii, na faili za zamani za Word, zile zenye mkia wa "doc", haizisomi mpaka zigeuzwe. Lakini kanuni za kukata sentensi mwenyewe aweza kuziandika upya, na kumbukumbu yake huwekwa katika muundo wa TMX, ambao programu nyingine nazo huusoma. Ukiihama, huondoki mikono mitupu.

Wapenzi wa ushairi watauliza haya yanawahusu nini. Programu ikikata kila mshororo peke yake, kina cha kati na cha mwisho hutengwa na ndugu zao, na mizani hupimwa gizani. Katika OmegaT mfasiri anaweza kuzima ukataji wa sentensi na kuiamuru igawe matini penye mstari mtupu. Ubeti ukabaki mzima mbele ya macho. Hata hivyo, faida yake hapo ni ndogo. Sheria hujirudia, ubeti haujirudii. Labda kibwagizo tu ndicho kitakachoipa kumbukumbu kazi.

Na hata penye kujirudia pana hatari. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka tena baada ya kupitiwa upya, na jina likawa Juliasi Kaizari. Kumbukumbu ya programu ingemletea Caezar kwa ulinganifu wa asilimia 100, naye angebofya akaenda zake. Mfasiri mwema huona haya kwa jibu lake la jana, na zana yoyote inayomrahisishia kulirudia jibu hilo inastahili kuangaliwa kwa jicho kali.

Ama mashine zinazofasiri zenyewe, Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake mwaka 2009, na tangu hapo mashine zimepiga hatua kubwa. Sizibezi. Ila zipe "Hakimu alisoma hukumu yake" zikutilie katika Kiingereza: lugha hiyo itataka kujua hakimu ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakikulisema. Mfasiri angeuliza, mashine aghalabu hukisia, tena kwa ufasaha unaomlaza msomaji. Isitoshe, kumbukumbu yake imeokotwa kwa watu wengi wasiojuana. Haikuulizi kama msomaji wako yuko Unguja, Dodoma au Nairobi, wala kama atapendelea kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Na hati ya siri ya mteja haifai kupelekwa huko kabisa.

Hukumu yangu ni hii. Anayeanza na achukue OmegaT, aitie kanuni za Kiswahili kwa mkono wake. Trados na ajifunze pale mteja mwenye kulipa vizuri anapoitaka. Mashine na aiulize kama anavyomwuliza njia mpita njia, kisha athibitishe mwenyewe. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kazi, atafute kifungu kinachosema kumbukumbu ya tafsiri itabaki ya nani kazi ikiisha. Kisipokuwapo, adai kiandikwe. Maneno aliyoyasaka usiku kucha ndiyo mali pekee atakayoingia nayo katika kazi inayofuata.