Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Umeiona hiyo video. Wapenzi wawili, gari, hema. Droni inapaa juu ya minazi, bahari ya Diani inatokea, muziki unaingia polepole. Dada anakunja suruali na kukanyaga maji. Jamaa anahangaika na kigingi cha hema, kinamshinda, wanacheka. Samaki juu ya makaa. Jua linachomoza. Wanafunga virago, na kwenye skrini linaandikwa jina la mahali pengine: Kilifi, Watamu, Malindi. Kila ufuo unapewa usiku mmoja.

Nisidanganye, nazipenda. Mimi ni mtoto wa Eldoret, na kutoka kwetu hadi baharini ni kilomita 800 hivi. Tulikua tukidhani ufuo ni wa watalii wanaoshuka na ndege, wa kwenye kalenda za benki na mabango ya hoteli. Leo wasee wa rika letu wanatazama bahari ya nchi yao kutoka ndani ya hema lao wenyewe, na wanajirekodi wenyewe. Hiyo ni hatua, na anayeidharau hakumbuki tulikotoka.

Lakini kupenda kitu hakukuzuii kukikosoa. Wahenga wana kipimo cha wageni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukikitumia kwa hizi video, unagundua karibu zote zinaishi ndani ya siku mbili za kwanza. Mgeni anakula, anasifu mandhari, hajui lolote, na hakuna anayemdai chochote. Kabla jembe halijatolewa, ameshawasha gari.

Naongea kama mkosaji. Mwaka juzi mimi na mpenzi wangu tulishuka Pwani na Probox ya kuazima. Nilikuwa nimeacha chuo, nina simu yenye kamera poa, na wazo kwamba hii ndiyo itanitoa. Tulivuka feri ya Likoni jioni, tukafika Tiwi saa tatu usiku. Mwezi mpevu, maji yameenda mbali, mchanga mpana kama uwanja wa mpira. Tukapiga hema katikati. Mchanga ulikuwa na unyevu kidogo, nikasema ni umande. Mtu wa bara na umande wake.

Mzee mmoja mvuvi akapita na tochi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Wanangu, hapo munalala ama munangoja kuoga?" Akatuonyesha mwezi. Leo ni bamvua, akasema, kabla ya alfajiri hapa patakuwa bahari. Akatusaidia kuhamisha hema hadi juu ya mstari wa mwani mkavu, chini ya mivinje, karibu na vyombo vyao. Saa kumi usiku niliamshwa na sauti ya mawimbi. Pale tulipokuwa tumepiga hema, maji yangenifika kiunoni.

Asubuhi nikarekodi jua likichomoza. Baadaye nikahariri, ikatoka video ya dakika sita. Mwezi umo, umependeza. Mzee hayumo. Mpenzi wangu aliitazama hadi mwisho, akaniuliza, "Na yule aliyetuhamisha yuko wapi?" Nikajibu kwamba hakuingiana na mtiririko. Akanyamaza. Tangu siku hiyo siwezi kutazama video za aina hii kama zamani.

Ule mwezi kwangu ulikuwa pambo. Kwa mzee ulikuwa kalenda ya kazi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya kwetu hujaa na kupwa kwa nguvu, na tofauti ya kina inaweza kufika mita nne hivi. Mvuvi anapanga maisha yake kwa hesabu hiyo: lini atoke, lini arudi, lini akae ashone nyavu. Nilishika ishara muhimu kuliko zote ufuoni, nikaiwekea muziki wa gitaa. Hilo ndilo kosa kubwa la aina hii ya video: inaona kila kitu na haisomi chochote.

Chukua ule mstari wa mwani. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani pale ambapo hema letu lingezama ndipo petu sote kisheria. Panda hatua chache, unakutana na ukuta wa mtu. Kwa hivyo wapenzi wa kwenye video wanalala wapi? Ama kwenye ploti ya kulipia, ama kwa hisani ya mwenyeji. Video nyingi hazisemi. Ufuo unaonyeshwa mtupu, kana kwamba haujawahi kuwa na mwenyewe wala kesi. Na hii ni Pwani, ambako kuna watu wanaoitwa maskwota kwenye ardhi walikozikwa babu zao.

Kuna filamu moja inayokataa kudanganya hapa. *Paradies: Liebe*, ya Ulrich Seidl wa Austria, ilitoka 2012. Inamfuata mama wa makamo aliyekuja Pwani ya Kenya kutafuta penzi kwa vijana wa ufuoni. Picha ninayoikumbuka zaidi ni hii: watalii wamelala kwenye viti vyao, mbele yao kamba imekatiza mchanga, na upande wa pili vijana wamesimama wima, kimya, wanangoja. Filamu ni chungu, na wakati mwingine nahisi inawatazama hao vijana kwa ubaridi uleule inaoukosoa. Lakini angalau kamba imo kwenye picha. Kwenye video zetu kamba haionekani kwa sababu fremu yenyewe ndiyo kamba. Aliyesimama upande wa pili ameshakatwa.

Kufika siku ya tatu peke yake pia hakutoshi. Corinne Hofmann, Mswisi, alikuja likizo Mombasa na mpenzi wake miaka ya 1980, akamwona mwanamume Msamburu kwenye feri, na ule wa kwanza akaachwa. Kitabu chake, *The White Masai* kwa Kiingereza, kilitoka 1998 kwa Kijerumani na kikawa filamu 2005. Huwezi kumwambia hakupewa jembe. Alihamia Barsaloi, akaugua, akazaa, akafungua duka. Shida yake ni nyingine: mwenyeji ameandikwa kitabu kizima na hapewi nafasi ya kujibu. Tunajua alivyoonekana. Hatujui alivyoona.

Ndiyo maana nikitaka safari ya Pwani naenda kwa Abdulrazak Gurnah, kwenye *Paradise* ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina *Peponi*. Humo kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao kwa sababu ya deni la baba yake, anapelekwa kwa tajiri wa pwani, kisha anafuata msafara kuingia bara. Safari imejaa mandhari, na mandhari yote yana bei. Kila njia ina mtu anayedai ushuru, kila bustani nzuri ina mtu anayeimwagilia. Gurnah hakunyimi uzuri. Anakuonyesha tu nani anaulipia.

Najua utasema nazionea video za dakika sita kwa kuzipima na riwaya ya mshindi wa Nobel. Sawa. Lakini sidai zifikie *Peponi*. Nadai dakika moja ya yule mzee, azungumze mwenyewe, atuambie bamvua ni nini na ule ukuta ulijengwa lini.

Sisi tulikaa Tiwi siku tatu, na si kwa hekima. Probox iligoma kuwaka. Siku ya tatu mzee alikuja na hakuuliza habari za usiku. Alisema ngalawa inapandishwa, watu hawatoshi, njooni. Tukasukuma, mimi na mpenzi wangu na wanaume sita, kwa hesabu ya moja, mbili, haya. Bega liliniuma wiki nzima. Nikajua majina yao, na wao wakajua yetu, na mmoja akafungua boneti ya gari bila kuombwa.

Sina hata picha moja ya siku hiyo. Ile video ya dakika sita bado iko kwenye simu na sijaipandisha popote. Disemba ikifika mtashuka, na mtarekodi, na mimi nitatazama kama kawaida. Ila nitakuwa nahesabu siku.