Ufunguo mkononi mwa Alicia

Watu wengi hudhani kwamba sinema ya wapelelezi lazima iwe na bunduki na motokari zinazofukuzana. Basi, watazame «Notorious», filimu ya mwaka 1946. Mtengenezaji wake ni Mwingereza Alfred Hitchcock, aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwandishi wake ni Ben Hecht. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tu, wala haifiki saa mbili. Lakini hofu yake yashika moyo kuliko mizinga.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake Alicia (Ingrid Bergman) amehukumiwa huko Miami kwa kuisaliti Marekani kwa faida ya Wajerumani. Aibu imemwangukia binti. Anakunywa pombe, na sifa yake imeharibika. Mpelelezi Devlin (Cary Grant) anamtaka aende naye Rio de Janeiro, katika Brazili, kuwachunguza wafuasi wa Hitler waliokimbilia kule. Wawili hao wanapendana. Mara wakubwa wanatoa amri: Alicia amwendee Sebastian (Claude Rains), rafiki wa baba yake, aliyempenda zamani. Mwishowe anaolewa naye, ili serikali ipate siri.

Hapo ndipo penye kiini. Devlin hasemi neno la kumzuia, anangoja Alicia akatae mwenyewe. Alicia naye anangoja kuambiwa: Usiende. Kiburi kinawafunga vinywa wote wawili. Halafu Devlin anamdharau kwa kazi ileile aliyomletea yeye! Je, sisi hatufanyi vile? Twamtuma mwenzetu matopeni, kisha twamcheka kwa kuwa amechafuka.

Ustadi wa Hitchcock waonekana hasa usiku wa karamu. Alicia ameiba ufunguo wa chumba cha divai. Kamera inaanza juu kabisa, inaonyesha ukumbi mzima na wageni wake. Kisha inashuka polepole mpaka kwenye ngumi ya Alicia, na ndani yake tunauona ufunguo. Tena, shampeni inapungua. Ikiisha, Sebastian atashuka kuchukua nyingine, naye atawakuta Alicia na Devlin. Basi kila glasi inayonywewa inatuongezea hofu. Na Hitchcock mwenyewe anaonekana kidogo, akimaliza yake!

Ndani ya chupa hamna divai, mna madini ya uraniamu. Hapa Mkongo atashtuka. Katika filimu madini hayo yanatoka milima ya Brazili. Lakini sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ya Marekani, pamoja na lile la Hiroshima la mwaka 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, kwetu Katanga. Filimu haiulizi ni nani aliyechimba, wala madini yataua nani. Kwa Hitchcock uraniamu ni kisingizio cha kuanzishia hadithi tu. Naona ni kasoro kubwa.

Kasoro nyingine zipo. Wachezaji wanapopanda farasi au motokari, macho yanatambua kwamba Rio ni picha iliyowekwa nyuma yao. Wabrazili wenyewe karibu hawana la kusema. Mpango wa maadui hauelezwi vizuri. Tena Devlin anasamehewa upesi mno: Alicia anakaribia kufa kwa sumu, naye anaomba radhi kwa maneno machache, yamekwisha.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Sebastian. Ni mtu mbaya, rafiki wa wauaji. Hata hivyo anampenda mkewe kweli, kuliko Devlin anavyothubutu kuonyesha. Anapogundua kwamba amedanganywa, anakwenda kumwamsha mama yake kama mtoto. Ndipo wanapoanza kumtilia Alicia sumu ndani ya kahawa, kidogo kidogo, ili wenzao wasijue kosa lake. Claude Rains anatufanya tumchukie na kumhurumia pamoja. Mwishoni Devlin anamshusha Alicia ngazini, maadui wanatazama, na Sebastian hawezi kupiga kelele, maana angejifichua mwenyewe. Anaachwa nje, anarudi kwa wenzake, mlango unafungwa.

Wazazi wajue: filimu hii si ya watoto. Mna ulevi, mabusu marefu na sumu. Lakini wakubwa wakiitazama pamoja, waulizane hivi: wale wakuu wa Rio walikuwa na shabaha njema, kuzuia uovu usirudi. Je, shabaha njema yatosha kumfanya mwanamke chombo, kuutumia moyo wake kama ufunguo wa mlango? Walipoambiwa kwamba Alicia anaumwa, walidhani amerudia pombe. Hakuna aliyeharakisha kwenda kumwona. Sumu iliwekwa na adui, lakini ilipata nafasi kwa kuwa rafiki zake walimdharau. Filimu haisemi maneno hayo kwa sauti. Yaonyesha tu, na kwa hiyo nailipenda, nami naipenda hata leo.