Mbingu Katika Mfarishi: Kazi Mbili za Harriet Powers

Mfarishi ni kitu cha kitandani. Hushonwa kwa tabaka tatu: kitambaa cha juu kinachopambwa, pamba katikati, na kitambaa cha chini, kisha tabaka zote hufungwa pamoja kwa mishono midogo midogo ipenyayo toka juu hata chini, ili pamba isisogee na kufanya mabonge. Kazi yake ya kwanza ni kumfunika aliyelala. Kwa sababu hiyo wengi waliozoea kuita sanaa kile tu kilichotiwa fremu na kutungikwa ukutani hawakuutazama mfarishi mara ya pili, nao wanawake waliousifu walidhaniwa kuwa wanazungumza mambo ya nyumbani. Katika insha hii nataka kuitazama mifarishi miwili ya mwanamke mmoja wa Georgia, Marekani, na kuipima kwa mizani ile ile tupimiayo mchoro au utenzi: imeona nini, imekipanga vipi ilichokiona, imefaulu wapi, na wapi imeshindwa.

Harriet Powers alizaliwa utumwani karibu na mji wa Athens, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1837, akafariki tarehe 1 Januari 1910. Baada ya utumwa kufutwa, yeye na mumewe, Armstead, walijipatia shamba dogo. Lakini katika miaka ya 1890 shida ilizidi, na ardhi ile ikaanza kuuzwa kipande kwa kipande. Kazi zake zilizosalia ambazo dunia inazijua ni mbili tu. Ya kwanza huitwa Mfarishi wa Biblia, nayo imo katika majumba ya Smithsonian mjini Washington. Ya pili huitwa Mfarishi wa Picha, nayo imo katika Museum of Fine Arts mjini Boston. Wa kwanza una vyumba kumi na kimoja vya picha, wa pili una kumi na vitano, safu tatu za vyumba vitano vitano.

Namna ya utengenezaji wake ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Kila umbo, liwe mtu, ndege, nyota au nyoka, lilikatwa peke yake katika kitambaa, likabandikwa juu ya kitambaa kingine, kisha likashonewa kingo zake, mahali pengine kwa mkono na mahali pengine kwa cherehani. Mkasi ndio uliokuwa kalamu. Mwenye kuchora kwa kalamu aweza kuufuta mstari na kuurudia. Mwenye kukata kitambaa, mkasi ukishapita, umepita. Watu wake hawana nyuso. Hawana macho wala vinywa. Wana mikono, na mikono hiyo ndiyo isemayo: imenyanyuliwa, imefunguliwa, imenyoshwa. Mshonaji aliyejua kwamba hawezi kuupata uso kwa mkasi, akauacha, akaupeleka moyo wa mtu kwenye mabega na viganja, ni msanii ajuaye mipaka ya chombo chake.

Wahakiki wengi husema kwamba mifarishi hii ni Biblia iliyoshonwa, na wakisha kusema hivyo hutua kalamu. Ni kweli, humo wamo Adamu na Hawa, Ayubu, Yona, Musa, ubatizo na msalaba. Lakini msomaji akihesabu kwa macho yake mwenyewe ataona jambo lisilosemwa sana. Katika Mfarishi wa Picha vyumba vitatu ni vya wanyama walioumbwa wawili wawili, dume na jike, na vyumba vingine vinne ni vya matukio ya mbinguni na ya hali ya hewa yaliyowapata watu wa Marekani katika tarehe zijulikanazo: siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, usiku wa kuanguka nyota wa tarehe 13 Novemba 1833, usiku wa mwanga mwekundu wa mwaka 1846, na baridi kuu ya Februari 1895. Vyumba saba kati ya kumi na vitano, karibu nusu ya kazi nzima, ni habari za maumbile.

Tazama tena mpangilio. Chumba cha nane, yaani kitovu cha mfarishi wote, ni kuanguka kwa nyota. Kulia kwake na kushoto kwake ni vyumba vya wanyama. Hivyo mtu akisimama mbele ya mfarishi na kuelekeza macho katikati, yale ayaonayo kwanza ni mbingu inayomwagika na viumbe walioizunguka. Siamini kwamba jambo hilo limetukia tu. Mtu aliyekata mamia ya vipande na kuvipanga katika safu tatu zilizo sawa alijua kitovu kiko wapi.

Usiku ule wa 1833 ulikuwa mkuu kweli kweli. Vimondo vya Leonidi, ambavyo ni vumbi liachwalo na nyota yenye mkia irudiayo jua kila baada ya miaka thelathini na mitatu hivi, vilianguka kwa wingi hata watu wakaamka wakilia, wakidhani kiyama kimefika. Powers alikuwa hajazaliwa bado. Alizaliwa miaka minne baadaye. Ile siku ya giza ilikuwa mbali zaidi, huko majimbo ya kaskazini mashariki, miaka hamsini na saba kabla yake, na wataalamu wa leo wanasema sababu yake ilikuwa moshi wa misitu iliyoungua. Basi alichokishona ni kumbukumbu za watu wengine, zilizopita kinywa hata kinywa mpaka zikamfikia. Hapa ndipo ninapoiona nguvu yake. Maelezo yaliyoandikwa pamoja na mfarishi huo husema kwamba siku ya giza ng'ombe walikwenda kulala na kuku wakapanda kwenye viota vyao adhuhuri, na kwamba usiku wa nyota wanyama wa porini walitoka mbio mahali pao pa kulala. Mnyama hakuwekwa humo kama pambo la kuijaza nafasi tupu. Ni shahidi, sawa na binadamu, na mara nyingi umbo lake ni kubwa kama la binadamu. Mchoraji wa mandhari huyatazama maumbile kutoka mbali, toka dirishani. Powers huyatazama kama mkulima ambaye wingu likigeuka rangi yake, kuku wake hujua kabla yake.

Chumba cha baridi kuu ndicho kinachonishika zaidi kuliko vyote. Maelezo yasema mwanamke aliganda akiwa katika sala, mwingine akaganda langoni, mwanamume akaganda na gunia lake la unga, ndege wa buluu wakafa wote, na pumzi ya baghala, yule mtoto wa punda na farasi, ikawa barafu puani mwake. Tukio hili Powers alilijua kwa mwili wake; mwaka huo 1895 alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na saba. Kuna jambo dogo la kuangaliwa. Chumba hicho kinaitwa Alhamisi ya Baridi, na tarehe iliyoandikwa ni 10 Februari 1895, lakini kalenda yaonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili. Alhamisi ya juma hilo ilikuwa tarehe 7. Sitamlaumu mtu kwa siku tatu. Alhamisi ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu, na jina ndilo lililomfikia mwenye kuandika.

Sasa makosa. Wanafunzi wa hapa petu ambao wamemwona twiga kwa macho yao watamtafuta katika vyumba vya wanyama, kwa kuwa maelezo yasema yumo, pamoja na tembo, ngamia na simba, na watashindwa kwa muda kumtambua. Kosa hilo ni dogo, maana mkasi ulimtafuta mnyama ambaye haishi Georgia. Kosa kubwa zaidi ni kwamba vyumba vingine havisemi bila mkalimani. Chumba cha kumi na tatu chaonyesha matajiri ambao hawakufundishwa habari za Mungu, saa, na nguruwe jike aitwaye Betts aliyekimbia maili 500 toka Georgia hadi Virginia. Wako wasomao humo fumbo la mtumwa mtoro aliyekimbilia kaskazini. Yawezekana, lakini kitambaa chenyewe hakitoi ushahidi huo, na asiyepewa karatasi ya maelezo ataona nguruwe tu. Picha ya nyota haihitaji karatasi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya chumba kilichokamilika na chumba kinachotegemea mdomo wa mwenyewe.

Wengine husema kwamba ufundi wake ulitoka Dahomey, ambako mafundi wa Abomey hubandika maumbo ya wanyama na watu juu ya vitambaa vya wafalme. Mfanano upo, wala hauwezi kukanwa na mwenye macho. Lakini mfanano si hati, na sipendi haraka ya kumnyang'anya mwanamke kazi ya kichwa chake ili tuipe nasaba. Harakaharaka kama hiyo ndiyo iliyofanya waandishi wengi warudie kwamba Powers hakujua kusoma. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alitoa habari za barua ya Powers ya mwaka 1896, ambayo ndani yake mwenyewe anaeleza jinsi alivyojifunza kusoma na kuisoma Biblia. Wale waliokuwa wakiusifu usahili wake kana kwamba ni wa mtoto yawapasa waanze upya.

Nimesema mfarishi ni kitu cha kitandani. Je, si kuuharibu, kuutundika ukutani? Mwaka 1971 jumba la Whitney la New York lilitungika mifarishi ukutani kama michoro, na tangu hapo watu wengi wakaanza kuiheshimu. Lakini iliyochaguliwa huko ilichaguliwa kwa rangi na maumbo yake ya hesabu, wala si kwa hadithi. Mfarishi wa Powers una haki nyingine ya ukuta. Mfarishi wa kawaida hutazamwa toka pande zote za kitanda, na pambo lake aghalabu halina juu wala chini. Watu wa Powers wote wamesimama upande mmoja, miguu chini, nyota juu, na safu zao hufuatana kama mistari ya kitabu. Alaliaye chini yake angeiona nusu ya dunia imepinduka. Kwa hiyo nashikilia kwamba kazi hizi zilishonwa ili zitazamwe. Tena yeye mwenyewe alizionyesha: mwaka 1886 Mfarishi wa Biblia ulitungikwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens.

Hapo ndipo alipouona Jennie Smith, Mzungu, mwalimu wa sanaa mjini humo. Akamtafuta mshonaji, akataka kuununua, Powers akakataa bei yo yote. Miaka michache baadaye shida ikamleta mwenyewe. Aliomba dola kumi, akapewa tano. Alikubali kwa ushauri wa mumewe, akaeleza chumba baada ya chumba, na Smith akayaandika maelezo hayo. Baada ya siku hiyo alirudi zaidi ya mara moja kuutazama. Ni kweli kwamba bila karatasi ya Smith tungepotewa na mengi, na jina la mshonaji lingeweza kupotea nalo. Ni kweli pia kwamba tunamsikia Powers kwa kalamu ya mnunuzi. Mwaka 1895 Smith aliupeleka mfarishi huo katika maonyesho makubwa ya Atlanta. Mfarishi wa Picha ulipewa mchungaji Charles Cuthbert Hall mwaka 1898 kama zawadi ya watu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, na mwaka 1964 ukaingia jumba la Boston.

Fadhila za majumba haya zina kasoro zake. Mwaka 1992 Smithsonian iliruhusu nakala za Mfarishi wa Biblia zishonwe nchini China na kuuzwa, na washonaji wa Marekani wakapiga kelele. Nawaunga mkono. Kazi iliyopatikana kwa dola tano toka kwa mwenye shida haikustahili kugeuzwa bidhaa ya dukani. Lakini mwaka 2021 jumba la Boston lilifanya jambo la haki: liliiweka mifarishi yote miwili katika chumba kimoja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, mpaka Januari 2022. Ikikaa pamoja, mtu aona safari ya akili ya mshonaji. Katika ule wa kwanza hadithi ni za Biblia, na mbingu yachungulia tu: katika chumba cha Yuda, kando ya vipande thelathini vya fedha, ipo nyota ambayo Powers alisema ilionekana mwaka 1886. Nyota ya mwaka ule ule wa maonyesho imeingia ndani ya Injili bila kubisha hodi. Katika ule wa pili, uliokamilika miaka kama kumi baadaye, nyota zimeshika kitovu.

Ile barua ya 1896 yataja mifarishi mingine aliyoishona, mmoja wa nyota, na mwingine wa Karamu ya Bwana. Haijapatikana. Yawezekana iliraruka kwa kutumiwa, kama ilivyo desturi ya mifarishi, na yawezekana mmojawapo bado umekunjwa sandukuni katika nyumba fulani ya Georgia, na wenye nyumba hawajui ni nani aliyeushona.